Likizo ya Kujipikia Kisiwani na Mlango wa Stoo

Jumanne, tarehe tisa ya mwezi wa saba. Tangu asubuhi upepo wa Mbeya unavuma, ile baridi kavu ya kupasua midomo, na vumbi limeingia mpaka ndani ya cherehani. Wateja hawajaja. Ndiyo maana nimepata nafasi ya kuandika, kwa sababu ninyi wenzangu wa hapa Mwanjelwa mnaniuliza tangu jana, "Mama Atu, likizo ilikuwaje?" na kila nikianza kusimulia nakasirika, napoteza njia, mnabaki mnacheka. Haya, someni. Niliishia darasa la saba na sina hakika kama yote nimeyakumbuka sawasawa. Nilipokosea mniwie radhi. Ila nitajitahidi kila mtu apate haki yake, hata walioniudhi.

Kabla ya kuondoka

Wazo lilikuwa la Mama Faraja. Huyu ni mke wa shemeji yangu Lwitiko, mdogo wake mume wangu. Wanaishi Iringa mjini, na yeye ni Mhehe. Tunaitana mke mwenzangu, kwa kuwa tumeolewa nyumba moja. Aliona kwenye simu yake jinsi Wazungu wanavyokwenda kupumzika kwenye visiwa vya Uskoti: mnakodi nyumba iliyo peke yake katikati ya maji, hakuna hoteli, hakuna mhudumu, mnabeba chakula chenu na mnajipikia wenyewe. Akapenda. Halafu akasikia kwamba hata Mufindi, kwenye mashamba ya chai, kuna nyumba ya namna hiyo kwenye kisiwa kidogo ndani ya bwawa. Wanasema aliijenga Mskoti mmoja wa zamani aliyekuwa anasimamia chai, akiwakumbuka watu wa kwao. Akaandika kwenye grupu la familia: "Uskoti wetu uko Mufindi. Twendeni tukakae kule siku tatu, tuongee mambo ya Mzee kwa utulivu."

Mambo ya Mzee ndiyo haya. Mzee ni baba mkwe wangu. Mama mkwe alifariki mwaka jana, na tangu hapo Mzee alikuwa anakaa peke yake Tukuyu, miguu inamsumbua, majirani ndio wanaompikia. Ilibidi iamuliwe ahamie wapi: kwetu Mbeya, kwa mtoto wake wa kwanza, au Iringa kwa Lwitiko. Mimi nilitaka aje kwetu. Nasema hapa wazi, kwa sababu kule hakuna aliyeniuliza.

Sasa kwa wale wasio Wanyakyusa. Kwetu mkwe wa kike haonani na baba mkwe. Sikai naye chumba kimoja, simkatizi njiani, simtazami usoni, na jina lake silitamki. Ndiyo maana humu mtasoma Mzee tu. Siku hizi wengi wameacha. Sisi hatujaacha, kwa sababu Mzee hajaacha. Miaka yote niliyoolewa namjua kwa kikohozi chake na kwa mgongo wake. Hata kwenye grupu picha yake ikitokea naifunika kwa kidole gumba, na akiandika jambo simjibu, namwambia Baba Atu ajibu.

Mama Faraja hayo hayamhusu. Mzee mwenyewe alisema yule si wa kwetu, asibanwe na mila isiyo yake. Basi anamsalimia kwa mkono na wanakula meza moja. Sina kinyongo kwa hilo. Au ninacho kidogo, sijui.

Nikamuuliza mume wangu, "Baba Atu, hiyo nyumba ya kisiwani jiko lake liko ndani au nje?"

"Ni nyumba ya Mzungu, ina kila kitu."

"Nimekuuliza jiko."

"Mama Atu, tunakwenda kupumzika. Usianze."

Sikuanza. Hapo ndipo nilipokosea mimi.

Kwenye grupu wakagawana mizigo. Mama Faraja nyama na kuku. Baba Atu chumvi, kiberiti na mishumaa. Mimi mchele, unga, maharage, viazi, ndizi, mafuta, vitunguu, masufuria na miiko. Someni tena mgawanyo huo, halafu mniambie nani alikuwa anakwenda likizo.

Mwanjelwa hadi Mafinga

Watoto niliwaacha kwa dada yangu. Baba Atu aliazima gari la jirani akamfuate Mzee Tukuyu, halafu wapite moja kwa moja kwenda Mufindi. Mimi siwezi kupanda gari moja na Mzee. Kwa hiyo gari lenye viti vitano likabeba wanaume wawili na kiti cha kukunja cha Mzee, na mimi na masufuria tukapanda basi la Iringa. Haki isemwe: Baba Atu aliniambia nimwachie mizigo. Nilikataa mwenyewe, kwa sababu mara ya mwisho alipobeba ndizi zangu alizikalia.

Ijumaa basi liliondoka vizuri. Tulipopita Chimala tairi likapasuka, tukashuka wote tukasimama kando ya barabara na jua lile la Usangu. Dereva akatafuta jeki, hakuna. Utingo akasema iliazimwa. Iliazimwa na nani, hajui. Watu arobaini, hamsini, tunasubiri jeki ya basi jingine! Nilikasirika nikataka kusema, halafu nikaona yule utingo ameshalala chini ya gari kwenye changarawe anachimba kwa mikono ili gurudumu litoke, nikanyamaza.

Kiti changu kilikuwa karibu na mama mmoja wa Madibira, Msangu, aliyekuwa amepeleka mchele Mbeya. Tukakaa juu ya magunia, akanipa hindi la kuchemsha, mimi nikampa ndizi.

"Na masufuria yote hayo, dada, msiba uko wapi?"

"Si msiba. Nakwenda likizo."

"Likizo ya wapi?"

Nikamweleza: kisiwa, nyumba, kujipikia. Akanisikiliza mpaka mwisho, anatafuna.

"Kwa hiyo unakwenda mbali, unalipa nyumba, halafu unapika."

"Ndiyo."

"Na kuni?"

"Sijui kama zipo."

Alicheka mpaka akajishika mbavu. "Basi mimi niko likizo tangu nilipoolewa na sikuwa na habari!"

Watu wa pembeni nao wakacheka. Nilijisikia vibaya, lakini sikuweza kusema kwamba amesema uongo. Jeki ilipopatikana na tukafika Igawa akashuka, akanishika mkono: "Dada, ukifika huko, angalia kwanza mlango. Nyumba ni mlango." Sijui alimaanisha nini. Labda lilikuwa neno tu la kuagana. Ila lilinikaa.

Makambako upepo ulikuwa unapeperusha mpaka makopo, na Mafinga nilifika nimegeuka barafu. Mama Faraja na shemeji walikuwa wananisubiri stendi na pikapu yao. "Kamwene, mke mwenzangu!" akanikumbatia mbele za watu, akanivisha sweta lake jekundu palepale. Ana roho nzuri, siwezi kumnyima hilo. Njiani kwenda kwenye chai alinionyesha picha za chumba alichomwandalia Mzee Iringa: pazia jipya, kitanda, runinga ukutani.

"Mmeshaamua kwani?" nikamuuliza.

"Hapana, tunakwenda kuamua. Lakini Mbeya si haiwezekani, mke mwenzangu? Kwa sababu yako."

Kwa sababu yangu. Nikaangalia nje. Chai ilikuwa kijani kote kote, ukungu unatambaa juu yake, na sikuona uzuri wowote.

Kuvuka bwawa

Bwawani mvua ya rasharasha ilikuwa inanyesha. Kuna kibanda kimoja cha kusubiria mtumbwi, na gari aliloazima Baba Atu lilikuwa limeegeshwa kando. Nikasikia kikohozi kibandani. Nikavuta kanga kichwani, nikarudi nyuma, nikasimama chini ya mikaratusi na mizigo yangu.

Mwenye mtumbwi, Mbena mmoja mtu mzima anaitwa Bwana Mgaya, akanipigia kelele. "Mama, ingia humu, unalowa!"

"Siwezi, kaka."

"Kuna nini?"

"Kuna mkwe wangu."

Akachungulia kibandani, akarudi kwangu. "Nimemwona. Mbona ni mpole tu?"

"Najua ni mpole."

"Sasa?"

"Acha tu, kaka."

"Wanyakyusa mna kazi," akasema, akaenda kutoa maji mtumbwini.

Halafu kikatokea kitu ambacho nadhani nilikiona peke yangu. Mzee alitoka kibandani mwenyewe, na mguu wake ule, amebeba kiti chake cha kukunja, akaenda kusimama nyuma ya gari kwenye mvua, mgongo kwangu. Alikuwa ananipisha niingie. Nikachukua kapu langu niende. Kabla sijafika, Mama Faraja akamwona. "Baba! Unakwenda wapi na mvua hii? Utapata homa!" Akamshika mkono akamrudisha kibandani, akamkalisha, akamfunika shuka. Mume wangu alikuwa hapo hapo, Mnyakyusa wa kuzaliwa, anapiga picha ya bwawa.

Tulivushwa kwa awamu mbili. Mimi nilikuwa awamu ya pili, pamoja na viazi.

Kisiwani

Nyumba ni nzuri. Siwezi kusema uongo. Ukuta wa mawe mbele, mbao nyuma, dirisha kubwa la kuangalia maji. Ila ndani ni ukumbi mmoja: jiko la gesi hapa, meza hapa, makochi hapa, hakuna hata pazia. Vyumba vya kulala vitatu, na vyote vitatu milango yake inatokea ukumbini. Mlango wa nje mmoja. Mmoja! Nikamkumbuka yule mama wa Madibira.

Nilimwita Baba Atu nje. "Nitapikia wapi?"

Akaangalia ndani, akaangalia nje, akakuna kichwa. Hapo ndipo alipofikiri kwa mara ya kwanza tangu wazo lizaliwe. "Tungeweza kumwomba Mzee akae chumbani unapopika."

"Baba yako amekuja kupumzika umfungie chumbani kama mwali?"

Basi nikaenda nyuma. Kuna banda la kuni limeegemea ukuta wa mbao wa ukumbi, lina paa la bati na pande mbili wazi. Kiberiti? Baba Atu alisahau kiberiti. Chumvi alisahau pia. Mishumaa alileta. Mishumaa bila kiberiti! Bwana Mgaya kabla hajaondoka akanipa kiberiti chake kilichobaki na njiti chache, nikawasha moto bandani kwa kuni mbichi. Walikula wali na maharage yasiyo na chumvi, ndani, kwenye joto. Nyama na kuku vilikuwa vimebaki ng'ambo kwenye pikapu, chini ya kiti. Mama Faraja aliniomba radhi mara nyingi sana, mpaka nikachoka kumsamehe.

Mbao zile zina nyufa. Nilikuwa nakula zangu pale bandani, nikasikia kikao kimeanza. Sikwenda kusikiliza, nilikuwa hapo tayari.

Lwitiko akasema, "Kaka, tuseme ukweli. Mbeya nyumba ni ndogo, na kuna suala la Mama Atu. Mzee atakuwa anakaa kama mfungwa. Iringa atakuwa huru."

Mama Faraja akasema, "Kwangu atakaa kama baba yangu mzazi."

Nikasubiri Baba Atu aseme neno. Alikuwa na maneno mengi ya kusema. Kwamba mke wake amepika tangu harusi na kutuma vyombo vya chakula Tukuyu kila sikukuu. Kwamba mke wake yuko nyuma ya mbao, aulizwe. Akasema, "Ni kweli, hilo la Mama Atu ni gumu." Basi. Nikapiga sufuria na mwiko, paa! wakanyamaza, halafu wakaendelea kwa sauti ya chini.

Mzee hakusema kitu. Alikohoa tu. Sikumbuki kama kuna aliyemuuliza.

Usingizi ndio ulikuwa aibu yenyewe. Kufika chumbani kwetu lazima upite ukumbini, na Mzee alikuwa amekaa ukumbini. Niliingia kwa dirisha. Baba Atu alinivuta kutoka ndani, Mama Faraja akanisukuma kutoka nje, sweta jekundu likanasa kwenye msumari, nikaning'inia. Mimi, mama wa watoto wanne, fundi ninayeheshimika, naingia dirishani kama mwizi kwenye nyumba tuliyoilipia. Mama Faraja alikuwa anacheka mpaka anakosa nguvu za kusukuma. Na mimi nilicheka, nakiri. Lakini hasira ilibaki palepale.

Jumamosi

Asubuhi ukungu ulikuwa mwembamba. Bwana Mgaya alikuja na mtumbwi, wakasema watavuka wakachukue nyama, chumvi na kiberiti dukani kwenye kambi ya wachuma chai, warudi mara moja. Alikwenda Baba Atu, akaenda Lwitiko kwa ajili ya pikapu, akaenda Mama Faraja kwa sababu alitaka kuchagua mwenyewe mboga. Nikiwa bandani nikauliza kwa sauti, "Na Mzee anabaki na nani?" Mtumbwi ulikuwa umeshaondoka.

Halafu ukungu ukashuka. Sijawahi kuona ukungu wa namna ile, hata Rungwe. Bwawa lilipotea, miti ikapotea, nikawa naona mikono yangu na sufuria. Mchana ukapita. Nikasikia kwa mbali sana Baba Atu anaita, na Bwana Mgaya anamkatalia: "Kwenye ukungu huu sitoi mtumbwi, mzee wangu, hata uniite baba!"

Basi tukabaki wawili kisiwani. Mimi bandani, yeye ukumbini, mbao katikati.

Nilipika viazi. Nikapakua sahani, nikaizungusha mpaka mlangoni, nikaiweka kizingitini, nikagonga, nikakimbia. Nikasikia mlango umefunguliwa, umefungwa. Sahani ikarudi kizingitini tupu. Mpaka hapo kila kitu kilikwenda vizuri, kuliko walipokuwepo wao.

Jioni baridi ikazidi. Nadhani alitaka chai. Nikasikia anahangaika na vyombo, halafu ssss. Nikajua sauti ile. Amefungua gesi, na kiberiti ninacho mimi. Anatafuta njiti kwenye makabati, na gesi inatoka. Harufu ikapenya kwenye nyufa mpaka bandani, na mimi nina moto unawaka pale.

Nikamwaga sufuria nzima ya maji kwenye moto. Nikagonga mbao. "Gesi! Fungeni gesi!" Nilisema kwa wingi, kama ninaongea na watu wengi. Akasema kutoka ndani, "Sioni pa kufungia." Kulikuwa na swichi za jiko nne, na mtungi uko chini ya kabati.

Sikufikiri sana. Au nilifikiri, sijui. Nilijifunika kanga mpaka usoni, nikazunguka, nikafungua mlango nikaingia kinyumenyume. Naangalia nje, natembea kurudi nyuma, mkono mmoja unapapasa: kiti, meza, kabati. Nikapata mtungi, nikafunga. Nikafungua dirisha nililoweza kulifikia. Nikasimama pale natazama ukutani. Baadaye nilijua Mzee naye alikuwa amegeukia ukuta wa upande wake.

Tukakaa hivyo, migongo.

Halafu akasema, polepole, "Ni paka huyo aliyeingia?"

Nikafikiri. "Ni paka, baba."

"Amefunga gesi, huyo paka?"

"Amefunga."

"Ndaga." Akashukuru hivyo kwa Kinyakyusa, akakohoa. "Paka wa hapa wana akili."

Nilitaka kutoka. Lakini akaendelea, anaongea na ukuta wake, na mimi mlango ulikuwa upande wake, ningepita wapi?

"Huyu paka amekula?"

"Amekula viazi, baba."

"Mimi pia. Havikuwa na chumvi."

"Chumvi ilisahauliwa na mtoto wako."

Nilisema hivyo! Kwa baba mkwe! Nikasikia kitu kama kikohozi, lakini kilikuwa kicheko.

"Tangu jana wanaongea habari zangu," akasema. "Mara Iringa, mara runinga. Yule binti wa Iringa ana roho nzuri. Ananisalimia kwa mkono, ananikalisha kwenye kochi, naye anakaa pembeni. Mimi nikikaa pale sijui niangalie wapi. Nakaa kama mgeni anayesubiri chai. Siwezi kukaa mgeni mpaka nife. Hapa, tangu jana, nasikia mwiko nyuma ya ukuta, nasikia mtu anakohoa moshi. Nikasema, kumbe hapa kuna nyumba. Lakini hawajaniuliza."

"Hata mimi hawajaniuliza, baba."

"Eee?"

"Hawajaniuliza."

Nadhani tulikuwa na hasira moja wakati ule, kila mtu na ukuta wake.

Kisha akauliza, kama mtu anayenunua nyumba, "Kule kwenu mjini kuna milango mingapi?"

"Miwili. Na wa stoo ni wa tatu, unatokea uchochoroni. Choo kiko karibu."

"Unafunguka ndani au nje?"

"Nje, baba."

"Stoo kuna nini?"

"Vitambaa vyangu na cherehani mbovu."

"Vinaweza kukaa kwingine?"

"Vinaweza."

"Basi," akasema. Nikasikia anaburuta kiti kwenda chumbani kwake, anafunga mlango kwa kishindo ili nisikie kwamba njia ni nyeupe. Nikatoka, nikawasha moto upya, nikamchemshia chai nikaiweka kizingitini.

Ukungu ulipopungua wenzetu walivuka, giza likiwa limeanza, wamelowa, wamebeba nyama na chumvi. Mzee aliwasubiri waketi. Akawaambia anakwenda Mbeya, atakaa stoo, mlango wa uchochoroni.

"Baba, stoo ya Mbeya umeijuaje?" Lwitiko akauliza.

"Nimeambiwa na paka."

Niliona kwenye ufa jinsi walivyoangaliana. Lwitiko akamvuta kaka yake pembeni: "Kaka, Mzee ameanza kuchanganyikiwa. Mwahishe hospitali." Na Baba Atu akaitikia kwa kichwa, kwa huzuni, anakubali! Mtu akisema anachotaka kwa mara ya kwanza, dawa yake ni hospitali.

Mama Faraja alikuja bandani akakaa kwenye gogo. Alikuwa amelia. "Mke mwenzangu, nimekosea wapi? Nimeshanunua mpaka pazia."

Kumwambia hakukosea ni uongo, na kumwambia alikosea ni uongo pia. Nikamwambia, "Unampenda. Ila ulimkalisha karibu mno." Akafikiri. Kisha akachukua kisu akaanza kunisaidia kumenya vitunguu, tukapika nyama pale nje, pamoja, na moshi ule ule. Hiyo ndiyo ilikuwa saa pekee niliyoiona kama likizo.

Kurudi

Jumapili Mzee alishikilia neno lake mpaka wakamkubalia. Jana Jumatatu tulirudi, wao na gari, mimi na basi. Tairi halikupasuka. Nimefika nyumbani jioni nikakuta mlango wa stoo uko wazi, kitanda kimeingia, na vitambaa vyangu vyote, na mashati ya wateja, vimerundikwa uani kwenye vumbi. Cherehani mbovu imepinduliwa miguu juu. Sikuulizwa viwekwe wapi. Baba Atu akanipokea anatabasamu: "Umeona? Nimemleta Mzee. Niliwaambia Mbeya inawezekana."

Niliwaambia! Nimemwandika hapa kama alivyosema, bila kuongeza. Haki pia iandikwe: kitanda alikibeba peke yake, na bawaba za mlango alizipaka mafuta ili usilie usiku.

Leo mchana nimekunja vitambaa vyote, nimevifuta vumbi kimoja kimoja. Kikohozi nimekisikia kutoka upande wa uchochoroni, na watu wa mtaa wameshaanza kukaa naye pale nje kuota jua. Jioni nimepika, nikapakua sahani ya kwanza, Baba Atu akaipeleka kwa kuzunguka nje. Amerudi na sahani tupu na uso wa wasiwasi.

"Mama Atu, Mzee bado hayuko sawa. Anasema mwambie paka, leo chumvi imezidi."

Tumekula ndizi za kupika na nyama ya ng'ombe, na mboga za majani pembeni. Nimeonja mara mbili. Chumvi haikuzidi.